Karema: Boma, Misioni na Mganga Aliyetoka Timbuktu

Watu wa Ujiji wana mwembe wao, wana mnara wao wa Livingstone na Stanley, na ukiwaachia baraza watakuambia kwamba msalaba uliingia Ziwa Tanganyika kwa mlango wao. Hilo la kuingia hawanyimwi. Wamisionari wa London walitua Ujiji Agosti 1878. Mwenzao Thomson akafa mwezi uliofuata, baharia Hore akahamishia makao kisiwani Kavala, na baadaye kazi yao ikateremka hadi kusini kabisa mwa ziwa. Mapadre Weupe, shirika la Askofu Mkuu Lavigerie, nao wakafika Ujiji Januari 1879.

Lakini kufika si kukaa. Ujiji ya siku hizo ilikuwa mji wa misafara, wa pembe na watumwa, na mapadre hawakuona nafasi yao humo. Wakapanda kaskazini hadi Rumonge, Burundi ya leo, na huko wenzao watatu wakauawa Mei 1881. Wakavuka ng'ambo ya magharibi wakajenga Kibanga, nayo ikaja kuachwa. Anayeulizia kanisa lililoota mizizi ukingo huu wa mashariki na kudumu, ateremke kusini mpaka Karema, nchi ya Wabende. Wanaobisha wabishe na miaka.

Karema haikuanza kama kanisa. Agosti 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alifika hapo kwa niaba ya ile Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika ambayo mfalme Leopold II aliitumia kama kanzu ya heshima juu ya tamaa yake. Boma likajengwa kwa matofali ya udongo, juu ya kilima kilichoyatazama maji kwa karibu. Baadaye ziwa likawaacha. Mlango wa mto Lukuga, upande wa Kongo, ulikuwa umezibuka, na kati ya mwaka 1878 na miaka ya 1890 Tanganyika ilishuka kwa takriban mita 10. Boma lililojengwa lichunge mashua likajikuta limetengwa na mashua kwa uwanda mkavu.

Hapa haifai kupita bila kutaja tembo. Huyo Leopold aliona wapagazi ni ghali na hutoroka, akaamua mizigo ya ziwani ibebwe na tembo waliofugwa. Wanne wakanunuliwa India, wakapakiwa Bombay pamoja na watunzaji wao, na mwaka 1879 wakashushwa Msasani, Dar es Salaam, waogelee wenyewe hadi nchi kavu. Aliyewaongoza alikuwa Kapteni Carter, mtu wa Ireland aliyejua Kiarabu. Nchi nzima ilitoka kutazama, maana hapa tembo hujulikana kwa kukanyaga shamba, si kwa kupiga magoti apakiwe mzigo. Walivuka mito na vichaka vya Ugogo, wakaanza kufa mmoja mmoja. Jike aliyeitwa Pulmalla ndiye aliyefika Karema Desemba ya mwaka huo, naye hakudumu. Carter mwenyewe aliuawa Mpimbwe mwaka 1880 pamoja na mwenzake Cadenhead, walipokumbwa na vita vya mtemi Mirambo. Mradi wote ukafia hapo, na wapagazi wakaendelea kubeba.

Turudi bomani. Mkutano wa Berlin ulipokwisha mwaka 1885, Leopold alikwisha kupata Kongo yake, na Karema ikabaki upande usiokuwa wake. Akawaachia mapadre boma hilo pamoja na kituo cha Mpala ng'ambo. Kapteni Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa, alikuja kulinda misioni dhidi ya wawinda watumwa, akaenda kuishi ng'ambo, akaoa huko, akazikwa huko mwaka 1927. Wa Mpala wana mengi ya kusema juu yake, Karema haimgombei.

Misioni nayo ikapata maaskofu, lakini hawakudumu. Charbonnier aliwekwa wakfu Kipalapala, karibu na Tabora, mwaka 1887, akafariki mwaka uliofuata. Akaja Askofu Bridoux, naye akafariki mwaka 1890. Vifo vya namna hiyo ndivyo Lavigerie alivyokuwa akivihesabu alipofungua chuo Malta mwaka 1881. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: Mzungu hufa kabla hajaijua lugha, basi wafundishwe vijana Waafrika uganga wa kizungu pamoja na katekisimu, waishi kwa kazi ya mikono yao, waoe na wakae. Wengi wa vijana hao walikuwa watoto waliokombolewa utumwani.

Mmoja wao alikuwa Adrian Atiman.

Alizaliwa mnamo 1866 kando ya mto Niger, si mbali na Timbuktu. Kama alivyosimulia mwenyewe katika maisha yake yaliyochapwa uzeeni mwake, alikuwa mtoto mdogo alipokamatwa, akavushwa jangwa la Sahara na kuuzwa, hata mapadre wakamkomboa huko Algeria. Wakampeleka shule, kisha Malta, akasomea uganga miaka saba. Mwaka 1888, mwaka ule ule Pwani ilipowaka moto wa vita vya Abushiri na Wajerumani, alipanda bara na msafara wa mapadre. Mwaka 1889 akafika Karema, akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Hakuondoka tena kuhamia kwingine mpaka alipokufa mwaka 1956.

Miaka 67! Apimwe na kapteni yupi, au askofu yupi? Aliikuta Karema kabla bendera ya Mjerumani haijapandishwa ziwani, akaiona ikishushwa, akaiona ya Mwingereza ikizeeka, na Uhuru ulimkosa kwa miaka mitano tu. Alioa Agnes, wa ukoo wa mtemi wa Wabende, na ndoa hiyo ndiyo iliyompa nchi. Mgeni wa kutoka upande wa pili wa Afrika akawa mkwe wa wenyeji. Asubuhi alikuwa na wagonjwa na vidonda vyao, akipasua, akishona na kufunga. Baadaye alikuwa na wanafunzi wa dini. Hakuidharau mitishamba ya wenyeji: aliichunguza, akaitumia pamoja na dawa za chupa. Mwanawe Joseph alipewa upadre mwaka 1923. Mtoto wa mtumwa wa Sahara alisoma Misa katika nchi ambayo babake aliletwa awatibu watu.

Mapadre wenyewe wameipa nyumba yao ya Dar es Salaam jina la Atiman. Kwa mtu ambaye cheo chake hakikupita katekista na mganga, si heshima ndogo, ingawa mtu angeweza kuuliza kwa nini jina hilo lisikike zaidi mjini kuliko ziwani.

Katika uaskofu, aliyemfuata Bridoux ni Lechaptois, aliyekaa kiti cha vikarieti, yaani eneo la misioni lisilokuwa bado jimbo, tangu 1891 hadi 1917, akaandika kitabu juu ya nchi za ziwa hili.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo heshima ya bandari ikawa ya Kigoma. Karema ikawa kituo cha njiani cha meli Liemba, mashua zikitoka kuipokea majini kwa kukosa gati. Ndipo lilipofuata jambo ambalo Karema haijalisahau. Mwaka 1953 ilikuja kuwa jimbo kamili, Jimbo la Karema, kwa jina lake yenyewe. Mwaka 1969 jina likabadilishwa, likawa Jimbo la Sumbawanga, mji wa nyanda za juu ambao mwaka ule boma lilipokabidhiwa kwa mapadre haukuwa na kengele wala padre. Mwaka 2000 Jimbo la Mpanda likakatwa kutoka Sumbawanga, na Karema ikaangukia huko, parokia miongoni mwa parokia. Serikali imekwisha kuijengea bandari mpya ya kuelekea Kalemie. Kanisa halijairudishia jina.