Mizani: Kutoka Kliniki ya Watoto Hadi Sakafu ya Nyumba Yako

Leo tuzungumze juu ya chombo ambacho bila shaka umekiona mjini Kisumu: mizani ndogo ya kukanyaga, imewekwa kando ya barabara, na kijana ameketi karibu nayo akingoja shilingi zako chache ili ujue una kilo ngapi. Siku hizi mizani kama hiyo imeingia hata majumbani. Mara nyingi mnunuzi ni mama aliyeambiwa kliniki apunguze uzito kwa sababu ya presha au kisukari. Swali linaloletwa kwangu ni hili: "Sista, nikianza kupunguza, nijipime kila siku, ama niachane na mizani kabisa?"

Jibu lipo, na nitakupa. Lakini kwanza tuangalie mizani ilitufikiaje huku Ziwani, kwa maana sisi watu wa Ziwa tuna mambo yetu na mizani ambayo mama wa Ulaya hana, na mambo hayo ndiyo yanayowafanya wengi waogope kupungua hata wanapohitaji kupungua.

Mizani ilikuja kwetu kwa njia ya biashara. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, wakati huo mji ukiitwa Port Florence, na mizigo ya garimoshi na meli hutozwa kwa uzito. Wakulima wa pamba wa Nyanza nao wakajua mizani ya mnunuzi. Sokoni, lakini, akina mama waliendelea kupima kwa macho na kwa chombo: fungu, debe, gorogoro. Hata leo mahindi na omena wanauzwa kwa gorogoro pale Kibuye, wala hakuna anayelalamika. Mbuta ndiye anayepimwa kwa kilo, akining'inizwa kwenye mizani ufuoni. Mwulize mama yeyote anayenunua samaki Dunga: kabla samaki hajawekwa, yeye hutazama mshale kwanza uko wapi. Anajua kwamba mizani ya springi ikichakaa husema uongo. Shika neno hilo, tutalihitaji.

Kupima watu kulianza kama kazi ya watafiti. Mwaka 1931 John Boyd Orr na John Gilks walichapisha uchunguzi wao waliofanya hapa Kenya, wakilinganisha miili na vyakula vya Wakikuyu na Wamaasai. Waliopimwa hawakuambiwa wafanye nini na namba zao. Namba zilikwenda vitabuni.

Mtu aliyeileta mizani mikononi mwa mama ni daktari Mwingereza, David Morley. Kuanzia mwaka 1956 alifanya kazi Ilesha, nchini Nigeria, na katika kijiji cha Imesi-Ile karibu na hapo. Aliona watoto wengi wakifa kwa surua, kuhara na nimonia, na akaona kwamba wengi wao walikuwa wamedhoofika kwa muda mrefu bila mtu kugundua. Mtoto hadhoofiki siku moja. Hupungua polepole, na macho ya mama anayemwona kila siku hayaoni. Basi Morley akatengeneza kadi yenye mistari, mtoto apimwe kila mwezi, nukta iwekwe, na nukta ziunganishwe. Kadi hakuiweka kwenye kabati la hospitali. Alimpa mama aende nayo nyumbani, na mama aliitunza vizuri kuliko makarani.

Tena alifundisha jambo moja ambalo wauguzi wote tunalisomea hadi leo: usitazame nukta iko wapi peke yake, tazama mstari unaelekea wapi. Mtoto mdogo ambaye mstari wake unapanda yuko salama kuliko mtoto mkubwa ambaye mstari wake umelala au unashuka.

Kadi hiyo ilisambaa duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 UNICEF iliweka upimaji wa watoto miongoni mwa njia zake kuu nne za kuokoa maisha, pamoja na maji ya chumvi na sukari kwa kuhara, kunyonyesha, na chanjo. Wewe uliyelelewa kijijini unakumbuka: mizani imefungwa kwenye tawi la mti, mtoto ametiwa katika kisuruali chake, analia, na akina mama wote kwenye foleni wanatazama mshale. Kuna mambo mawili hapo. Mama alijifunza kusoma mstari. Lakini pia alijifunza kuona haya, kwa kuwa wauguzi wengine walikuwa wakali, na mama ambaye mtoto wake amepungua aligombezwa mbele ya watu. Nionavyo mimi, aibu ile iliwafukuza akina mama wengi kutoka kliniki, na wengine wangali wanaiogopa mizani kwa sababu hiyo.

Niongeze kidogo. Mizani haikuwahi kutosha peke yake hata kwa mtoto. Daktari Cicely Williams, aliyeeleza ugonjwa wa kwashiakori mwaka 1933 akiwa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, aliona watoto waliovimba miguu na uso. Mtoto kama huyo ana maji mwilini, na maji yana uzito, kwa hiyo mizani inaweza kukuonyesha kilo nzuri ilhali mtoto yuko hatarini. Ndiyo maana mhudumu wa afya ya jamii akija kwako hubonyeza miguu ya mtoto na kumfunga mkanda kwenye mkono wa juu. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 akiwa chini ya sentimita 11.5, hapo hatungoji mizani.

Sasa tufike kwenye sehemu nzito.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ugonjwa mpya ulionekana ng'ambo ya Ziwa, Rakai nchini Uganda na Kagera nchini Tanzania. Watu walikonda hadi wakabaki mifupa. Waganda waliuita "Slim", yaani kukonda, na kwa jina hilo madaktari waliuandika katika jarida la Lancet mwezi Oktoba 1985. Hapa Kenya mgonjwa wa kwanza alitambuliwa mwaka 1984. Mwezi huo huo wa Oktoba 1985 Shirika la Afya Duniani lilifanya mkutano mjini Bangui, kwa kuwa hospitali nyingi za Afrika hazikuwa na maabara ya kupima virusi. Wakakubaliana juu ya dalili za kutambua Ukimwi kwa mtu mzima bila maabara. Moja ya dalili kubwa ilikuwa kupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili. Mama wa kilo 60 akishuka chini ya 54, na ana homa au kuhara kwa zaidi ya mwezi, ilitiliwa shaka.

Hivyo mizani ikawa chombo cha kutambua Ukimwi. Huku Nyanza ndiko ugonjwa ulikoshika sana. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2003 ulikuta watu wazima takriban 15 kati ya 100 katika mkoa wetu wana virusi, wakati nchi nzima ilikuwa kama 7 kati ya 100. Majirani hawakuhitaji mizani. Waliangalia mashavu, mifupa ya shingo, na sketi inavyoning'inia. Wengine walisema ni chira, kwamba mwiko umevunjwa. Mama akipungua kilo tano kwa sababu yoyote ile, hata kwa huzuni au kwa kazi ya shamba, alisemwa kisimani.

Dawa za kupunguza makali zilipoanza kuwafikia watu wengi, miaka michache baada ya 2003, mizani ikabadilika tena. Ikawa chombo cha furaha. Mgonjwa aliyeletwa kwa mkokoteni akiwa na kilo 38 alirudi mwezi baada ya mwezi, 41, 45, 52, na wodi nzima ikashangilia. Unene ukawa ushahidi kwamba mtu amepona. Je, utashangaa basi kwamba mama wa leo, akiambiwa apunguze kilo nane, moyo wake unakataa? Sio uvivu. Anajiuliza: "Watasema nini?"

Lakini mambo yamegeuka. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba mwanamke mmoja kati ya watatu Kenya ana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Ule wa 2022 ulikuta wanawake 45 kati ya 100 wa umri wa miaka 20 hadi 49. Presha na kisukari vimefuata. Havionekani kwa jirani, wala mtu hasemwi kisimani kwa presha, lakini huua figo, macho na moyo kimya kimya. Hata dawa ya dolutegravir, ambayo Kenya ilianza kuitumia mwaka 2017 na ambayo ni dawa nzuri sana dhidi ya virusi, imeonekana kuongeza uzito kwa baadhi ya watu, hasa wanawake. Kama wewe ni mmoja wao, usiache dawa hata siku moja. Mwambie mhudumu wako, mpange chakula na mazoezi pamoja.

Turudi kwenye swali letu. Mtu wa kwanza kujipima kila siku kwa makini alikuwa daktari wa Italia, Santorio Santorio. Alikula na hata kulala juu ya mizani kubwa kama kiti, kwa muda wa miaka 30 hivi, na akachapisha kitabu chake mwaka 1614. Aligundua kwamba uzito wa chakula na maji aliyoingiza haukulingana na uliotoka chooni. Sehemu kubwa ilipotea kwa jasho na pumzi bila yeye kuona. Yaani mwili hupanda na kushuka kutwa nzima. Lita moja ya maji ni kilo moja. Kunywa vikombe vinne vya chai na uzito umepanda, wala hukunenepa. Ukila omena wenye chumvi nyingi jioni, mwili hushika maji hadi kesho. Siku za hedhi vilevile. Kwa hiyo mama anayejipima asubuhi na jioni anahesabu maji, halafu anakata tamaa bure.

Je, tuiache? Hapana. Kule Marekani tangu mwaka 1994 kuna daftari la watu waliopunguza kilo nyingi na hawakuzirudisha, na robo tatu yao hujipima angalau mara moja kwa wiki. Ushauri wangu ni huo: mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi baada ya haja na kabla ya chai, na leso nyepesi tu. Mizani iwe ile ile. Ya kijana wa barabarani na ya kliniki haziwezi kulingana, na zaidi pale barabarani una viatu na kikapu.

Iweke juu ya sementi. Kwenye mkeka au udongo usio sawa itakudanganya. Kama mama wa Dunga, tazama mshale uko sifuri. Ukitaka kuijaribu, ipandishe mtungi wa lita 20 uliojaa maji: isome kilo 20 na kidogo zaidi, kwa ajili ya mtungi wenyewe. Ikisema 17 au 25, irudishe dukani.

Kisha andika namba kwenye daftari na uchore mstari, kama ulivyochorewa wa mtoto wako. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Mama wa kilo 90 akipungua kilo nne na nusu, presha na sukari yake huanza kuwa nafuu, ingawa jirani huenda asione tofauti yoyote. Na utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2002 ulionyesha kwamba watu waliokaribia kupata kisukari, wakilenga kupunguza sehemu 7 tu kati ya 100 za uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, walipunguza hatari yao kwa zaidi ya nusu.

Huna mizani? Usinunue kwa deni. Chukua kamba, izungushe tumboni usawa wa kitovu, ifunge fundo, na kila mwezi ujaribu tena. Kwa mwanamke, sentimita 80 ni onyo na 88 ni hatari. Kamba ina faida moja kubwa, kwamba inapima mafuta ya tumboni, ambayo ndiyo mabaya. Mama anayelima anaweza kubaki kilo zile zile huku tumbo likipungua. Ile hesabu ya kliniki ya kulinganisha uzito na urefu ilibuniwa na Mbelgiji Adolphe Quetelet miaka ya 1830. Hakuwa daktari, alikuwa mtu wa takwimu na nyota, na hesabu yake haijui kutenganisha msuli na mafuta. Tunaitumia, lakini pamoja na kamba.

Mama mjamzito asijipunguze kamwe, apimwe kliniki. Mtoto mnene asiwekwe kwenye mizani mbele ya wenzake wala asinyimwe chakula. Mpunguzie soda na mandazi, mwache akimbie. Na kama wewe ukiona namba unashindwa kula siku nzima, mpe dada yako mizani aiweke, utumie kamba.

Nyanya na babu pale nyumbani ni jambo jingine. Hao wapime kila mwezi, kwa kuwa mzee hukonda chini ya nguo bila mtu kujua. Na mtu yeyote, kijana au mzee, ambaye mstari wake unashuka bila yeye kutaka, hasa akikohoa, akitoka jasho usiku, au akienda haja ndogo mara kwa mara kwa kiu, usingoje majirani waseme. Mpeleke kituo cha afya wiki hiyo hiyo apimwe kifua kikuu, sukari na virusi, na uchukue lile daftari lenye namba zake umwonyeshe mhudumu.