Nani Apange Dozi? Elimu kwa Wagonjwa wa Kisukari Wanaotegemea Insulini

Katika magonjwa mengi ya kudumu, daktari huandika dozi na mgonjwa huimeza kama ilivyoandikwa. Kisukari kinachotegemea insulini hakiruhusu utaratibu huo. Dozi iliyoandikwa kwenye kadi siku ya Jumatatu yaweza kuwa ndogo Alhamisi mgonjwa akishikwa na malaria, na ikawa kubwa mno Jumamosi akishinda shambani na jembe. Daktari humwona mara moja kwa mwezi, pengine mara moja kwa miezi mitatu. Siku zote zilizobaki mwamuzi ni mgonjwa mwenyewe au mzazi wake, atake asitake. Kwa hiyo elimu anayopewa ni tiba kama ilivyo insulini yenyewe, na swali la kuipima ni moja: je, imemwezesha kubadili dozi yake bila kujidhuru? Nashikilia kwamba kliniki zetu nyingi hazijafika hapo. Zinafundisha utii.

Tazama somo la asubuhi, kabla wagonjwa hawajaanza kuonwa. Watu wamekaa kwenye mabenchi, muuguzi amesimama mbele anataja vya kuacha: soda, sukari, wali mwingi, mafuta. Kwa wengi walioko pale somo hilo linafaa, kwa sababu wana kisukari aina ya pili. Lakini benchi la nyuma amekaa binti wa miaka 14, mifupa ya mabega imemtokeza, na kongosho lake halitoi insulini tena. Naye anahubiriwa kupunguza uzito. Hakuna aliyemweleza sahani ya ugali inadai insulini kiasi gani, wala kwa nini asichome sehemu ileile ya paja kila siku mpaka pakafanya uvimbe, ambao leo hunyonya dawa yote na kesho huinyonya nusu.

Utii huo una gharama. Mama ameambiwa insulini huchomwa kabla ya chakula. Mtoto akiamka anatapika na kukataa uji, mama huyo mtiifu huacha sindano, akihofia sukari isije ikashuka. Kwa kanuni aliyopewa, amewaza vizuri. Ambacho hakufundishwa ni kwamba ini hutoa sukari hata tumbo likiwa tupu, kwamba homa huongeza hitaji la insulini, na kwamba mwili ukikosa insulini kabisa huyeyusha mafuta yake na kuijaza damu asidi ya ketoni. Jioni mtoto anahema kwa kina, pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, tumbo linamuuma, na jirani anasema ni malaria. Maneno machache tu yangembadilishia mama uamuzi wake: mtoto akiumwa, insulini haiachwi, mpime sukari mara kwa mara, mpe maji, na akiendelea kutapika mkimbize hospitali. Maneno hayo mzazi anapaswa kuyajua kwa moyo kabla hajaondoka na kichupa cha kwanza.

Donald McLarty, Andrew Swai na wenzao wa Muhimbili waliwafuatilia wagonjwa wapya zaidi ya 1,200 waliosajiliwa Dar es Salaam kati ya 1981 na 1987. Taarifa yao iliyotoka mwaka 1990 katika British Medical Journal ilionyesha kwamba miongoni mwa waliohitaji insulini, asidi ya ketoni na maambukizi yalikuwa katika sababu kubwa za vifo. Insulini ikikosekana dukani, hakuna somo litakaloziba pengo hilo. Lakini vifo vya namna hii hutokea pia katika nyumba ambamo kichupa kipo.

Wazo la kumfundisha mgonjwa ni la zamani kuliko insulini. Elliott Joslin wa Boston alichapisha mwongozo kwa ajili ya madaktari na wagonjwa mwaka 1918, miaka minne kabla ya kijana Leonard Thompson kuchomwa insulini ya kwanza kule Toronto, Januari 1922. R. D. Lawrence, daktari wa London aliyeokolewa na dawa hiyo mwaka 1923, aliwaandikia wagonjwa wenzake kwa ujuzi wa mtu anayejichoma kila siku, na mwaka 1934 alianzisha chama chao pamoja na mwandishi H. G. Wells. Mawazo yao hayakuenea kama yalivyostahili. Kwa miongo mingi mgonjwa alipewa dozi isiyobadilika na mlo usiobadilika, na sukari ilipopanda akalaumiwa yeye.

Waliogeuza mambo walikuwa Michael Berger, Ingrid Mühlhauser na wenzao wa Düsseldorf, Ujerumani. Walitunga kozi ya siku 5 ambamo mgonjwa hujifunza kupima sukari, kukadiria wanga wa chakula chake na kupanga insulini kulingana navyo. Kisha mwaka 1993 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliohusisha watu 1,441: waliodhibiti sukari kwa ukaribu na ambao macho yao yalikuwa bado mazima walipunguza hatari ya kuugua macho kwa asilimia 76. Matukio makali ya kushuka kwa sukari, hata hivyo, yaliongezeka takriban mara tatu, na wenye shaka wakashika hapo: mgonjwa akiachiwa dozi atajiua. Jibu lilitoka Uingereza mwaka 2002. Watu wazima waliopitia kozi ya siku 5 yenye asili yake Düsseldorf waliboresha sukari yao, wakala kwa uhuru zaidi, na matukio makali hayakuongezeka. Uhuru wenye mafunzo haukuwadhuru.

Hapa kwetu pingamizi huja kwa sura nyingine: watu wetu hawakusoma, hawana jokofu, hawataweza. Kambi ya Dagahaley, huko Dadaab kaskazini mwa Kenya, inatosha kulijibu. Wakimbizi wenye kisukari walilazimika kwenda hospitali kuchomwa, wengine zaidi ya mara moja kwa siku, kwa sababu mahema yao hayana jokofu na kanuni ilisema insulini haikai penye joto. Madaktari Wasio na Mipaka walishirikiana na Chuo Kikuu cha Geneva kupima insulini iliyowekwa kwa wiki 4 katika joto la kambi, linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha kwamba nguvu yake haikutofautiana na ya insulini iliyotunzwa kwenye ubaridi. Hii haimaanishi kwamba kichupa kiachwe juani, wala kwamba kilichoganda kwa barafu kinafaa. Vichupa visivyofunguliwa bado mahali pake ni nyuzi 2 hadi 8. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kufundishwa kutunza na kujichoma dawa yake nyumbani, hata hema likiwa ndiyo nyumba.

Na hesabu zenyewe si ngumu. Kichupa cha mililita 10 chenye uniti 100 kwa kila mililita kina uniti 1,000. Anayetumia 40 kwa siku atakimaliza siku ya 25, basi aende kufuata kingine mapema. Mwanamke anayeendesha genge sokoni hupiga hesabu kubwa kuliko hizi kila siku. Kizuizi cha kweli ni bei ya vijiti vya kupimia sukari. Anayepewa vichache afundishwe kuvitumia pale vinapojibu swali: kabla ya kifungua kinywa kwa siku kadhaa mfululizo, ndipo abadili dozi moja tu na kutazama. Vingine avihifadhi kwa siku ya kuumwa. Kumfundisha mtu kupanga dozi huku ukimnyima vijiti ni kumbebesha lawama.

Ramadhani huweka wazi tofauti kati ya kufundisha utii na kufundisha kupanga dozi, hasa pwani na visiwani. Mgonjwa wa aina ya kwanza yuko katika hatari kubwa akifunga, na ni wajibu wa daktari kusema hivyo bila kuficha. Lakini akisema "usifunge" na kufunga faili, kijana hufunga kwa siri. Miongozo ya kimataifa inamtaka afundishwe kabla mwezi haujaandama: jinsi dozi inavyogawanywa kati ya daku na futari, kwamba kupima damu ni lazima mchana wa saumu, na kwamba sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita anafungua papo hapo, hata kama magharibi imebaki nusu saa.

Wizara za afya zikubali kwamba saa za muuguzi anayefundisha ni saa za matibabu, zipangiwe bajeti na kuandikwa kwenye faili kama dawa inavyoandikwa. Watoto na vijana wanaotumia insulini wapewe siku yao ya kliniki, mbali na somo la kupunguza uzito. Na mgonjwa mpya asiruhusiwe kutoka wodini mpaka yeye, au mzazi wake, aoneshe kwa mikono yake kwamba anaweza kuvuta dozi sahihi, aeleze atafanya nini sukari ikishuka, na aeleze atafanya nini siku ya kutapika. Akishindwa moja kati ya hayo matatu, matibabu yake hayajakamilika.