Ubena ulijengwa na nani?

Sokoni Igwachanya, makao makuu ya Wilaya ya Wanging'ombe, anayeamkia "kamwene" huchukuliwa mara moja kuwa Mbena. Wengi huamini Ubena umekuwapo hivyo tangu enzi na enzi. Historia inasema vingine.

Katika karne ya 19 nyanda hizi zilikuwa na watwa, yaani machifu, wengi, kila mmoja na watu wake. Mtu alijulikana kwa ukoo na kwa mtwa aliyemtii. Mwaka 1905, Mtwa Mbeyela alipoivamia misheni ya Yakobi wakati wa Maji Maji, Wabena hawakusimama wote upande wake.

Baadaye wamisionari wa Kilutheri waliiandika lugha, na mwaka 1926 Gavana Donald Cameron akapitisha sheria ya utawala wa wenyeji: kila Mwafrika awe na kabila lake, kila kabila na mkuu wake. Lakini kwa maoni yangu, karakana kubwa zaidi ya Ubena ilikuwa mashamba ya mkonge. Kodi iliwasukuma vijana wa Njombe kwenda Tanga na Morogoro kuwa manamba, vibarua wa mkataba. Huko, kati ya watu wa kila pembe ya Tanganyika, wa Igwachanya na wa Lupembe waligundua kwamba wanasikilizana lugha, wakaitana ndugu, wakauguzana na kuzikana. Serikali ilitoa jina. Hawa walilitia uhai.

Wanahistoria Terence Ranger na John Iliffe, waliofundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikuja kuonyesha jinsi makabila mengi yalivyoundwa wakati wa ukoloni. Mahmood Mamdani, naye aliyefundisha hapo, alieleza mwaka 2012 jinsi mkoloni alivyotawala kwa kuwagawa watu kisheria, na jinsi Nyerere alivyoubomoa mfumo huo. Utawala wa machifu ulifutwa 1963, na sensa ya 1967 ikawa ya mwisho kuuliza kabila.

Wapo wanaodai kwamba kilichoundwa ni cha uongo. Sikubaliani nao hata kidogo. Nyumba nayo hujengwa, na watu huishi ndani yake.

Waliokwenda mkonge wamebaki wachache sana. Walimu wa historia wa Wanging'ombe, waiteni wazee hao darasani mwaka huu, wanafunzi waandike majina ya watwa na ya mashamba kabla hayajapotea.