Riwaya ya Upelelezi na Mizuka

Riwaya ya upelelezi na mizuka ni tawi la hadithi za uhalifu ambamo kifo au kutoweka kwa mtu kunadhaniwa kuwa kazi ya mzimu, jini, laana au uchawi. Mpelelezi hukabiliwa na maswali mawili kwa pamoja: nani kaua, na je, muuaji ni binadamu? Jibu la swali la pili ndilo linalozitenganisha kazi za tawi hili.

Nyingi humrudishia binadamu hatia yake. Maarufu kuliko zote ni The Hound of the Baskervilles ya Arthur Conan Doyle, iliyotoka kwa mfululizo katika jarida la The Strand kuanzia Agosti 1901 hadi Aprili 1902. Sir Charles Baskerville anakutwa amekufa nje ya jumba lake huko Dartmoor, Uingereza, na karibu na maiti pana nyayo za mbwa mkubwa mno. Ukoo wake unasimuliwa kuwa umelaaniwa kuandamwa na mbwa wa kuzimu. Fumbo linafumbuliwa na kiatu: mrithi, Sir Henry, anaibiwa kiatu kimoja kipya hotelini London, kisha kimoja kikuukuu, na kile kipya kinarudishwa. Mpelelezi Sherlock Holmes anang'amua kuwa anayetafutwa ni mbwa wa kweli, kwani mzuka hauna haja ya kunusishwa kiatu kilichokwisha kuvaliwa. Ule mwanga wa kutisha mdomoni mwa mbwa ni fosforasi aliyopakwa. Hata hivyo maelezo hayo hayaifuti hofu, maana Sir Charles, mgonjwa wa moyo, hakung'atwa; aliuawa na hofu ya kile alichokiamini, na muuaji alilijua hilo.

Kwa Kiswahili, njia hii ilifunguliwa na Muhammed Said Abdulla (1918–1991) wa Zanzibar. Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda shindano la uandishi na kutolewa kitabu mwaka 1960, ilimtambulisha Bwana Msa, mvuta kiko asiyekubali kwamba mzimu unaweza kuua, pamoja na sahibu yake Najum. Nasaba yao kwa Holmes na rafiki yake Watson haifichiki, ila Unguja yao ni Unguja hasa. Kisima cha Giningi (1968) imechukua jina la mji wa wachawi unaosimuliwa visiwani. Doyle aliijenga laana yake kwa hati ya kale inayosomwa mwanzoni mwa kitabu. Abdulla hakuhitaji hati, kwa kuwa wasomaji wake walikwisha kuzisikia habari hizo tangu utotoni. Ndiyo maana hoja za Bwana Msa zina uzito wa pekee: anabishana na mhalifu na kijiji kizima kwa wakati mmoja.

Mwaka 1929 Ronald Knox, kasisi na mwandishi wa Uingereza, alitoa kanuni kumi za hadithi ya upelelezi, mojawapo ikikataza nguvu zisizo za kawaida. Wengine hawakuwa na mpaka huo. Carnacki, mpelelezi wa mizuka wa William Hope Hodgson (kitabu cha 1913), mara hukuta pepo, mara hukuta ulaghai wa watu. John Dickson Carr, katika The Burning Court (1937), anaeleza kila kitu kwa akili timamu, kisha katika kurasa za mwisho anaurejesha uchawi. Falling Angel ya William Hjortsberg (1978), iliyofanywa filamu mwaka 1987, inakwenda mbali zaidi: mteja anayemwajiri mpelelezi ni Shetani mwenyewe.