The Skulls II
The Skulls II ni filamu ya kusisimua ya Marekani iliyotoka mwaka 2002, ikiongozwa na Joe Chappelle. Ni mwendelezo wa The Skulls (2000) ya Rob Cohen, ila yenyewe haikupitia majumba ya sinema. Iliingizwa sokoni moja kwa moja kama video.

Robin Dunne anaigiza Ryan Sommers, mwanafunzi wa chuo kikuu anayeingizwa katika chama cha siri. Usiku mmoja anaona msichana akianguka kutoka juu ya paa la jengo la chama, na hakuna anayemwamini. Mwanzo huo ni mzuri. Kinachofuata ni marudio ya filamu ya kwanza.

Chama kinachoigwa ni Skull and Bones, kilichoanzishwa Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1832. William Howard Taft na akina Bush wawili, baba na mwana, walikuwa wanachama kabla ya kuwa marais.

Udhaifu mkubwa wa filamu ni kwamba kiapo cha kuingia chamani hakina uzito. Mtazamaji wa Isaka, mkoani Shinyanga, ataliona hilo haraka akiwafahamu Bayeye, chama cha wacheza nyoka cha Wasukuma. Mwali wao hufundishwa kwa siri kumshika nyoka na kuitambua mizizi ya kutibu sumu yake. Siri hiyo inalinda elimu ya uhai na kifo. Katika filamu hii siri hailindi kitu ambacho mtazamaji angekionea uchungu.

Sehemu ya tatu, The Skulls III, ilitoka mwaka 2004.