Vidinić, Kocha wa Leopards: Neno la «Mtu wa Kwao»



Leo sitawasomea vifungu vya sheria. Nitazungumza juu ya mpira. Wazee walio kati yenu wanakumbuka mwezi wa sita mwaka 1974, wakati Leopards wa Zaire walipofungwa mabao 9 kwa 0 na Yugoslavia kule Ujerumani Magharibi. Wanakumbuka pia neno lililofuata: «Kocha ametuuza. Yeye ni Myugoslavia, amewapa watu wa kwao mchezo.» Wako wanaolisema hata leo. Sasa ninawaomba tumjue kwanza mtu huyo, kisha tuliangalie neno lenyewe.

Blagoje Vidinić alizaliwa mwaka 1934 katika mji wa Skopje, kule Makedonia, ambayo wakati ule ilikuwa sehemu ya Yugoslavia. Alikuwa kipa, tena kipa mkubwa. Mwaka 1956 alikwenda Melbourne na timu ya nchi yake wakapata medali ya fedha ya Olimpiki; mwaka 1960, kule Roma, wakachukua dhahabu. Mwaka huo huo alisimama golini Paris katika fainali ya kwanza kabisa ya kombe la mataifa ya Ulaya, wakashindwa 2-1 na Umoja wa Kisovieti. Akamalizia kucheza Marekani, halafu akashika kazi ya kufundisha.

Kazi hiyo ilimleta Afrika. Mwaka 1970 aliipeleka Moroko kwenye Kombe la Dunia, Mexico. Wamoroko walitangulia kuwafunga Wajerumani wa Magharibi kabla ya kushindwa 2-1, na mwishoni wakatoka sare 1-1 na Bulgaria. Ile ilikuwa pointi ya kwanza ya Afrika katika Kombe la Dunia. Baada ya hapo Vidinić akaja kwetu.

Hapa nataka muweke alama kwa penseli. Desemba 1973, katika uwanja wa Kinshasa, Zaire iliifunga Moroko 3-0 na kupata tiketi ya Kombe la Dunia, ya kwanza kwa nchi yoyote ya Afrika iliyo kusini ya Sahara. Kocha wetu siku ile alikuwa ni yule yule aliyewafundisha Wamoroko miaka mitatu tu iliyopita. Alijua desturi zao, na akawafunga. Kinshasa nzima ilifurahi. Hakuna aliyeuliza moyo wake uko upande gani.

Mwezi wa tatu 1974 akashinda Kombe la Afrika na vijana wetu kule Misri. Fainali na Zambia ilikwisha 2-2, ikabidi irudiwe, tukashinda 2-0. Mabao yote manne yalitiwa na mtu mmoja, Ndaye Mulamba. Katika mashindano yale alitia mabao 9. Rais Mobutu aliwapokea wachezaji kama mashujaa, akawapa nyumba na magari.

Sasa twende Ujerumani. Tarehe 14 Juni, Dortmund, Uskoti ilitufunga 2-0. Haikuwa aibu, wengi walisema tulicheza vizuri. Lakini kati ya mechi ile na ya pili kulitokea jambo ambalo watazamaji hawakuliona. Wachezaji waliambiwa kwamba pesa walizoahidiwa hazipo. Pesa zilikuwa zimepitia mikononi mwa wakubwa waliofuatana na timu, na hazikufika. Mwepu Ilunga, beki wetu, alieleza miaka mingi baadaye kwamba walikataa hata kucheza, na kwamba walipoingia uwanjani miguu ilikuwepo lakini moyo haukuwepo.

Tarehe 18 Juni, Gelsenkirchen. Dakika ya 8, bao. Dakika ya 14, la pili. Dakika ya 18, la tatu. Ndipo kukafanyika jambo lililozaa lawama yote: kipa Kazadi Mwamba, mtu wa Lubumbashi aliyesifiwa Afrika nzima, akatolewa, akaingia Tubilandu. Mara tu, bao la nne. Hadi mapumziko yalikuwa 6, na mwishoni 9.

«Mnaona? Amemtoa Kazadi ili ndugu zake wapite.»

Hebu tufanye kama kwenye tribinali. Mimi nilisomea sheria, na jambo la kwanza tulilofundishwa ni kutenganisha kinachojulikana na kinachodhaniwa. Kinachojulikana: kipa alibadilishwa, na kocha alizaliwa Yugoslavia. Mengine yote yalijengwa juu ya hayo mawili. Je, Kazadi alikuwa amezuia mabao? Hapana, tatu zilikuwa zimekwisha kuingia. Je, Tubilandu aliingiza zawadi? Bao la nne lilitoka kwa mpira wa adhabu, naye hajapata hata kugusa mpira. Je, Wayugoslavia walihitaji kupewa zawadi? Walikuwa wametoka 0-0 na Brazili, mabingwa wa dunia. Na katika kundi lile mabao yalikuwa na thamani ya dhahabu, maana timu tatu zilimaliza na pointi sawa, Uskoti ikarudi nyumbani bila kushindwa hata mechi moja, kwa upungufu wa mabao tu. Na amri ya kumtoa Kazadi ilitoka wapi? Waandishi wa michezo wameandika kwamba Vidinić alisema ilitoka kwa mjumbe wa wizara aliyekuwa pale. Yeye mwenyewe alikuwa kipa maisha yake yote, na Kazadi akarudi golini mechi iliyofuata, na Brazili.

Tazameni basi lawama ilivyotembea. Wenye kula pesa walikuwa watu wetu, wenye majina yetu. Lakini macho yaliruka juu ya mifuko yao yakatua juu ya pasipoti ya mgeni. Nawaambia machifu waziwazi: aliyekula anapenda sana neno «mtu wa kwao», kwa sababu likianza kusemwa hakuna tena anayehesabu pesa.

Na hao «watu wa kwao» ni nani? Bajević, aliyetufunga mara tatu, ni mzaliwa wa Mostar. Katalinski, wa bao la nne, ni wa Sarajevo. Šurjak wa Split, Oblak wa Ljubljana, Džajić Mserbia. Siku ile walivaa jezi moja. Kuanzia mwaka 1991 nchi yao ilivunjika kwa vita, na neno lile lile likatumika huko, jirani kwa jirani, kuulizana majina na dini barabarani. Daraja la kale la Mostar lilipigwa kwa mizinga hadi likaanguka mtoni, Novemba 1993. Leo miji hiyo ya wazaliwa iko katika nchi tatu mbalimbali, na Skopje ya Vidinić ni mji mkuu wa nchi nyingine tena.

Kuna hukumu nyingine ya siku ile. Baada ya bao la nne wachezaji wetu walimzunguka mwamuzi wakilalamika, na mmoja akampiga teke kwa nyuma. Mwamuzi aligeuka, akamtolea Ndaye Mulamba kadi nyekundu. Aliyepiga ni Mwepu, alikiri mwenyewe. Ndaye hakucheza na Brazili, tukafungwa 3-0. Ni mechi ile ambayo Mwepu alitoka kwenye ukuta akaupiga mbali mpira wa adhabu wa Wabrazili, dunia ikacheka. Yeye alisema sheria aliijua vizuri, ila hakuona sababu ya kujichosha kwa ajili ya watu waliomla jasho. Mimi sicheki.

Vidinić aliondoka, akafundisha Kolombia, akafariki Strasbourg mwaka 2006. Hakuna aliyemfungulia mashtaka popote, kwa hiyo hakupata hata nafasi ya kujibu. Nchi yetu ilijitoa katika mashindano ya kuwania Kombe la Dunia la 1978.

Na Ndaye? Mwaka 1994 alipewa heshima kule Tunisia. Aliporudi nyumbani wenye silaha walimvamia wakidhani ana pesa, wakampiga risasi mguuni. Alikimbilia Afrika Kusini, akaishi Cape Town kama mkimbizi. Mwaka 1998 ikasemwa amekufa Angola katika mgodi wa almasi, na kule Burkina Faso, kwenye Kombe la Afrika, uwanja mzima ulisimama kimya dakika moja kwa ajili yake. Alikuwa hai. Alifariki Januari 2019, Johannesburg.