Karanga za Kongwa

Fungueni madaftari yenu, leo tutasoma habari za karanga za Kongwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipungukiwa sana na mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe wa watu watatu ulitumwa Afrika ya Mashariki, ukarudi na shauri la kulima karanga eka milioni 3 na zaidi, nyingi zake katika Tanganyika. Gharama ilikisiwa kuwa pauni milioni 25 hivi. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, katika Ugogo.

Sasa niambieni: mkulima akipewa mbegu ngeni, hufanya nini kwanza? Huijaribu katika kishamba kidogo. Kongwa hawakungoja jaribio. Mwaka wa kwanza walikusudia eka 150,000. Walizofyeka ni 7,500 hivi. Matrekta, mengi yao mabaki ya vita, yaliharibika. Mizizi ilivunja majembe. Mvua ilikuwa haba, na udongo ulipokauka ulikuwa mgumu kama sakafu ya saruji.

Watu hupenda kusimulia habari za matrekta, wakasahau habari za karatasi. Mimi naona za karatasi zina mafunzo zaidi. Mwaka 1949 wakaguzi waliandika kwamba vitabu vya hesabu vya Afrika ya Mashariki havikuwekwa ipasavyo. Maana yake nini? Ofisi ya kusimamia kazi kubwa yahitaji kanuni: nani ana ruhusa ya kuagiza mali, na kwa fedha kiasi gani. Yahitaji utaratibu: mali ikifika, nani aipokee, nani aihesabu, nani aitoe. Tena yahitaji fomu za namna moja, ili ghala la huku na ghala la kule yaandike sawasawa. Haya hutengenezwa kabla ya mzigo wa kwanza kushushwa. Mali ikisha kutawanyika, fomu haiwezi kuirudisha.

Januari 1951 serikali ya Uingereza iliuacha mpango ule mkubwa. Pauni milioni 36 hivi zilifutwa katika hesabu. Fedha ilikuwa ya walipa kodi wa Uingereza. Ardhi iliyofyekwa ilikuwa Ugogo, nayo haikufutika.

Haya, shikeni kalamu. Pigeni mistari, mpate safu tano. Juu andikeni: Tarehe, Kilichoingia, Kilichotoka, Kilichobaki, Sahihi. Anzeni na chaki za darasa lenu. Zihesabuni kwanza, ndipo mwandike.